Bili ya ambulensi imezuka kwenye ripoti yako ya krediti Marekani? Usikimbilie kulipa, fuata hivi

Hii naandika kwa sisi tulioko Marekani, sana sana wale waliokwenda kuomba mkopo wa gari au kutafuta apatimenti afu wakaambiwa "una deni koleksheni" (yaani limepelekwa kwa kampuni ya kudai madeni), na ukiangalia ni ambulensi ya mwaka juzi, ile siku mama alizidiwa na presha au mtoto alishikwa na degedege, na wewe muda wote unajua bima ilishamalizana nao. Hujawahi kuona bili wala kupigiwa simu, mara paap skoa (alama zako za krediti) imeshuka. Kabla hujagusa kitu elewa kwamba hapa una kesi mbili. Ya kwanza ni je deni hili ni halali na ni la kwako kweli. Ya pili ni je, hata likiwa la kwako, linaruhusiwa kukaa kwenye ripoti. Kesi hizi zina watu tofauti wa kuwaandikia na muda tofauti, na mara nyingi ya pili unaishinda wakati ya kwanza bado inavutana. Anayezichanganya ndo yule anayepiga simu na hasira zake, anakubali deni kwa mdomo, anatoa dola mia "ili waone nina nia", afu miezi inapita na deni liko palepale. Kwa hiyo karatasi kwanza, simu baadaye, na hela mwisho kabisa.

Hatua ya 1: vuta ripoti zote tatu

Kampuni kubwa zinazotunza hizi rekodi ni Equifax, Experian na TransUnion, na kila moja ina faili lake, deni laweza kuwa kwa moja na kwingine halipo. Ingia AnnualCreditReport.com, ni bure, na siku hizi unaweza kuvuta kila wiki sio mara moja kwa mwaka kama zamani. Saiti yoyote inayokuomba namba ya kadi ya benki kabla ya kukuonyesha ripoti, toka hapo. Kama ndo umefika juzi na mtandao unakataa kukutambua (yale maswali ya "uliwahi kuishi mtaa gani" huwa yanawashinda wengi wageni), kuna fomu ya kutuma kwa posta pamoja na nakala ya kitambulisho, inachukua muda zaidi ila inafanya kazi.

Zile app za skoa ya bure ni za kuchungulia tu. Nyingi zinaonyesha aina moja ya skoa inayoitwa VantageScore, na VantageScore 3.0 na 4.0 hazihesabu madeni ya matibabu kabisa, sasa wewe unaona simu inakuonyesha skoa nzuri, unaenda benki inayotumia FICO 8 (aina nyingine ya skoa), au zile FICO za zamani za mikopo ya nyumba, unakuta mambo mengine kabisa. Usimgombeze afisa mkopo, mnaangalia vipimo viwili tofauti.

Ukishazipata zisave kama PDF, na uandike tarehe uliyozivuta.

Hatua ya 2: isome ile laini ya deni taratibu, jibu huwa liko humo humo

Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo kesi nyingi zinaisha, kwa hiyo usiwe na haraka.

Angalia kiasi cha mwanzo. Tangu Aprili 2023 zile kampuni tatu zilikubaliana kutoweka deni la matibabu ambalo mwanzo wake liko chini ya dola 500. Kama lako ni 430 halitakiwi kuwepo, iwe umelipa au hujalipa, iwe lako au la jirani.

Angalia tarehe. Tangu Julai 2022 deni la matibabu ambalo halijalipwa linatakiwa lisubiri mwaka mzima kabla ya kuwekwa kwenye ripoti, zamani ilikuwa miezi sita. Huo mwaka uliwekwa makusudi ili watu wapate muda wa kuvutana na bima. Ambulensi ya Machi ikitokea kwenye ripoti Oktoba ya mwaka huohuo, hiyo ni sababu tosha ya kuandika barua.

Angalia kama lilishalipwa, na wewe au na bima. Deni la matibabu lililolipwa linatakiwa lifutwe lote, sio kuandikwa tu "limelipwa" na kuachwa hapo. Hii nayo ni ya Julai 2022.

Angalia limeandikwa ni deni la aina gani. Hii ya mwisho ni ya ambulensi hasa na wengi hawaijui. Ambulensi nyingi Marekani sio za hospitali, ni za zimamoto ya mji au za kaunti, na bili ikitumwa koleksheni na ofisi ya mji kuna wakati inaingizwa kama deni la serikali au deni la kawaida tu. Ikiandikwa hivyo, zile kanuni za dola 500 na za mwaka mmoja haziigusi, maana kompyuta haijui kwamba ni matibabu. Ukiona hivyo sababu yako ya kwanza ya kupinga ni hiyo, kwamba aina ya deni imekosewa.

Kumbuka hizo kanuni ni makubaliano ya kampuni zenyewe, sio sheria ya bunge. CFPB, ile ofisi ya serikali ya kulinda wateja wa mambo ya fedha, ilipitisha Januari 2025 kanuni ya kuondoa madeni ya matibabu kwenye ripoti zote, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta Julai 2025, kwa hiyo mtu akikwambia "deni la hospitali siku hizi halionekani" anakupa habari iliyopitwa na wakati. Ila majimbo kadhaa yana sheria zake, Colorado na New York walianza 2023, baadaye wakaja California, Illinois, Minnesota, New Jersey na wengine, na ile ya New York inataja ambulensi waziwazi. Serikali kuu na majimbo bado wanavutana juu ya nani ana mamlaka hapo, lakini ukiishi kwenye jimbo lenye sheria hiyo itaje kwenye barua yako, hupotezi kitu.

Halafu jina na tarehe ya kuzaliwa. Ndugu zangu tuliopitia kambini, Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka, huko kote, mnajua wenyewe ni wangapi tumezaliwa tarehe moja Januari kwenye karatasi. Ongeza na majina yanayofanana, jina la ukoo limekaa mbele au nyuma, herufi moja imeongezwa, na nyumba moja wanakaa watu wenye jina la babu mmoja. Deni la binamu yako linaingia kwenye faili lako vizuri tu bila mtu yeyote kufanya ubaya. Linganisha jina lote, tarehe, namba nne za mwisho za Social Security na anwani ya siku ile. Kama siku ya ambulensi ulikuwa zamu kazini, ile karatasi ya malipo ya kazi yenye masaa ni ushahidi mzuri sana.

Na la wazazi. Mama kaja kutembea kwa viza ya miezi sita, kaugua, umepiga 911, umewapa anwani yako na simu yako kwa sababu yeye hana, baadaye deni linakuja kwa jina lako. Aliyepiga 911 sio mdaiwa, mdaiwa ni mgonjwa. Deni la mzazi mtu mzima kwa kawaida sio lako mpaka uwe umesaini kwamba utalipa. Omba wakuonyeshe hiyo saini.

Hatua ya 3: mwandikie kolekta, usimpigie

Kolekta ni ile kampuni iliyonunua deni au kupewa kazi ya kulidai, na jina lake ndo utakaloliona kwenye ripoti, sio la ambulensi. Kwa sheria ya Fair Debt Collection Practices Act, akishawasiliana na wewe mara ya kwanza anatakiwa ndani ya siku 5 akupe taarifa ya deni: kiasi, anayedai ni nani, na jinsi ya kupinga. Wewe una siku 30 tangu uipate hiyo taarifa kuandika kwamba unapinga na unataka uthibitisho, na ukishaandika ndani ya muda huo anatakiwa asimame kudai mpaka akutumie uthibitisho.

"Mimi sijawahi kupata hata karatasi moja." Ndo hivyo, wengi hawajapata, tunahama sana, na waliojaza fomu ndani ya ambulensi walikuwa wanaandika huku gari linakimbia. Sasa sikiliza, tangu Novemba 2021 kuna kanuni inaitwa Regulation F inayomkataza kolekta kukimbilia kukuweka kwenye ripoti kimyakimya. Anatakiwa kwanza aongee na wewe, au atume barua au imeli na kusubiri muda wa kutosha, siku 14 kwa kawaida, aone kama itarudi. Barua ikimrudia haruhusiwi kuripoti mpaka akupate. Kwa hiyo muulize kwa maandishi: mlinitumia taarifa tarehe gani, kwa anwani ipi, na ilirudi au haikurudi? Usishangae swali hili peke yake likafanya deni liondoke kimya kimya, maana kujibu vizuri kunamgharimu zaidi ya deni lenyewe.

Hata kama siku 30 zimepita andika tu. Hatakuwa na ulazima wa kusimama kudai, ila akijua unapinga anatakiwa kila anaporipoti aseme deni linapingwa.

Tuma kwa posta, setifaidi meili na risiti ya kurudi, ile kadi ya kijani. Weka fotokopi ya barua na risiti pamoja. Na kwenye hiyo barua usiandike "nitalipa nikipata", usiandike "najua nadaiwa ila". Kuna majimbo ambayo kulipa kidogo au kukiri deni kwa maandishi kunaanzisha upya saa ya muda wa kushtakiwa mahakamani, na deni la zamani lililokuwa limeshakufa linafufuka.

Hatua ya 4: tafuta bili yenyewe kwa mwenye ambulensi

Kolekta mara nyingi hana kitu zaidi ya jina na namba. Bili halisi iko kwa mwenye ambulensi, au kwa kampuni inayomfanyia kazi za bili, ambayo yaweza kuwa jimbo jingine kabisa. Kama hujui ilikuwa ambulensi ya nani, piga idara ya kumbukumbu ya hospitali uliyopelekwa, wao wanajua nani alikuleta. Au ulizia zimamoto ya mji wako.

Omba vitu viwili. Bili iliyochanganuliwa mstari kwa mstari, na ripoti ya wahudumu ya safari ile. Hiyo ripoti ni sehemu ya rekodi zako za matibabu, una haki nayo kwa sheria ya HIPAA (ile ya rekodi za matibabu) na wana siku 30 za kukupa. Usiombe muhtasari, omba yote.

Kwenye bili utaona kodi (namba za kutambulisha huduma, sio kodi ya serikali) zinazoanza na A. A0429 ni safari ya dharura ya huduma ya msingi, A0427 ni ya dharura yenye huduma ya juu, yaani walihitajika watu wa dawa na mashine za moyo, na bei yake iko juu zaidi. A0425 ni maili, inatozwa kila maili. Sasa linganisha na ripoti ya wahudumu: kama walikupima presha, wakakulaza, wakakupeleka, hawakufanya la zaidi, mbona wametoza A0427? Na maili, fungua ramani kwenye simu uone kutoka nyumbani mpaka hospitali ni maili ngapi, safari ya maili 4 ikiandikwa 14 hiyo sio foleni. Kuna na A0998, hiyo ni walikuja wakakuhudumia lakini hawakukupeleka popote. Ukikuta umetozwa safari wakati ulibaki nyumbani, ushahidi wako ni kwamba hospitali haina rekodi yako siku hiyo.

Angalia pia wameandika bima gani. Asilimia kubwa ya huu msala unaanzia hapa, mhudumu kaandika "hana bima" kwa sababu kadi ilikuwa kwenye mkoba nyumbani na mgonjwa hakuweza kuongea.

Hatua ya 5: irudishe kwa anayetakiwa kulipa

Piga kwa bima (hapa simu sawa, namba iko nyuma ya kadi) uliza swali moja tu: mlipokea kleimu (dai la malipo) ya ambulensi ya tarehe fulani? Majibu ni matatu na kila moja lina njia yake.

Hawakupokea. Basi mwandikie mwenye ambulensi umpe namba ya bima uliyokuwa nayo SIKU ILE, sio ya leo, na umtake atume kleimu na aliondoe deni koleksheni wakati bima inashughulikia. Kama ulikuwa na Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) hapa una nguvu sana, kampuni ya ambulensi iliyosajiliwa na Medicaid inatakiwa ikubali malipo ya Medicaid kuwa ndo mwisho, haitakiwi kukudai kilichobaki. Wakikwambia "muda wa kutuma kleimu umepita", waulize kwani aliyechelewesha ni nani. Wahamiaji wapya wengi walikuwa na Medicaid miezi ya mwanzo bila hata kujua namba yake, piga ofisi ya Medicaid ya jimbo au muulize mhudumu wa shirika lililokupokea akutafutie tarehe zako. Na kama siku ile hukuwa na bima lakini ulikuwa unastahili Medicaid, majimbo mengi yanakuruhusu ukiomba irudi nyuma mpaka miezi mitatu kabla ya maombi, japo mengine yamepunguza au yamefuta, kwa hiyo hili ni la kuwahi. Hata asiye na karatasi kuna Medicaid ya dharura, ulizia hospitali kwenyewe, na omba mkalimani wa Kiswahili, hospitali zinazopokea hela za serikali zinatakiwa kukupa bure.

Walipokea wakalipa. Omba ile karatasi inayoitwa EOB, inaonyesha walilipa nini na wewe ulibakiza ngapi. Kama deni ni tofauti na kilichobaki, umeshashinda nusu.

Walipokea wakakataa. Soma sababu. Kama ni "haikuwa lazima kitabibu", una siku 180 za kukata rufaa ndani ya bima yenyewe kwa bima nyingi za binafsi, na wakikataa tena una miezi minne ya kuomba mtu wa nje asiyehusika nao aangalie. Kinachosaidia ni barua fupi ya daktari kusema kwa nini mgonjwa asingeweza kwenda na gari la kawaida, pamoja na ile ripoti ya wahudumu.

Kuna na zile ambazo bima ya afya sio ya kulipa kabisa. Umeumia gudauni, kiwanda cha nyama au ukiwa unamnyanyua mgonjwa kazini, hiyo ni bima ya mwajiri ya ajali kazini. Ajali ya gari, majimbo mengi bima ya gari ndo inatangulia. Msiogope kusema ilikuwa kazini jamani, nawajua wengi waliokaa kimya kumlinda supavaiza, na supavaiza hakuja kuwasaidia na krediti.

Watu wananiuliza kuhusu No Surprises Act, ile sheria ya kuzuia bili za kushtukiza iliyoanza Januari 2022. Inafanya kazi kwa ambulensi ya ndege au helikopta kama una bima binafsi, unalipa tu kile ungelipa kwa mtoa huduma aliye kwenye mtandao wa bima yako. Ambulensi ya barabarani waliiacha nje, wakaunda kamati ya kulijadili. Kwa maoni yangu hapo walituangusha, nani aliyelala barabarani anachagua gari litakalomchukua? Majimbo kadhaa yameziba hilo pengo, California na Texas tangu Januari 2024, na California imeweka kikomo hata kwa asiye na bima. Ila sheria za majimbo haziigusi bima ambayo mwajiri mkubwa analipa matibabu kwa hela zake mwenyewe, na makampuni makubwa mengi yako hivyo. Waulize HR.

Hatua ya 6: sasa waandikie kampuni za krediti

Hapa una karatasi mkononi, ndo maana hii sio hatua ya kwanza. Barua moja kwa kila kampuni yenye hilo deni. Onlaini inawezekana, na unaweza kupandisha viambatanisho, lakini mimi naipenda posta kwa sababu unaeleza kwa maneno yako badala ya kubonyeza kisanduku cha "sio langu", na unabaki na ushahidi. Iandike kwa Kiingereza cha kawaida, hakuna anayekupa maksi za sarufi. Maneno yake ni kama haya:

"Naitwa fulani, nimezaliwa tarehe fulani, naishi hapa. Kwenye ripoti yangu ya tarehe fulani kuna deni la koleksheni la kampuni fulani, akaunti inayoishia na namba hizi, dola kadhaa. Napinga deni hili kwa sababu ni deni la matibabu ambalo bima yangu ilililipa tarehe fulani. Nimeambatanisha EOB, nakala ya ripoti yangu ambapo nimezungushia hilo deni, na kitambulisho changu. Naomba mchunguze, mlifute, na mnitumie majibu kwa maandishi."

Hiyo sababu badilisha kulingana na ulichokuta hatua ya 2 na ya 5: kiasi ni chini ya 500, mwaka haujaisha, mtu sio mimi, aina ya deni imekosewa, Medicaid hairuhusu nidaiwe. Weka sababu moja au mbili zenye ushahidi. Ukirundika kumi zisizo na kichwa wala miguu wanaruhusiwa kuiita barua ya kipuuzi na kuitupa. Na usiandike "sio langu" kama ni lako, sema kilicho kweli, mara nyingi kilicho kweli kinatosha. Tuma nakala tu, orijino zibaki kwako.

Kwa sheria ya Fair Credit Reporting Act wana siku 30 za kuchunguza, zinaweza kufika 45 kama ulipinga baada ya kuvuta ile ripoti ya bure au ukaongeza karatasi katikati. Kisichoweza kuthibitishwa kinafutwa. Wakibadilisha kitu wanakutumia ripoti mpya bure.

Siku hiyohiyo tuma nakala ya barua kwa kolekta pia, kwa sababu aliyeripoti naye ana wajibu wake wa kuchunguza.

Kwa jamaa wa "krediti ripea" (wanaodai watakusafishia ripoti) kwenye magrupu ya WhatsApp wanaotaka dola 600 mbele: sheria ya shirikisho ya 1996 inakataza kampuni za namna hiyo kuchukua hela kabla ya kumaliza kazi. Anachokufanyia ni hizi hizi barua, tena mara nyingi mbaya zaidi.

Hatua ya 7: wakijibu "imethibitishwa"

Watajibu hivyo wengi, usikate tamaa, mara nyingi "imethibitishwa" maana yake ni kwamba kompyuta ya kampuni imeuliza kompyuta ya kolekta na ikajibiwa ndiyo. Waandikie tena uwaulize waliithibitisha kwa njia gani, wanatakiwa wakueleze. Halafu fungua malalamiko CFPB, consumerfinance.gov, dhidi ya kolekta na dhidi ya kampuni ya krediti, kila moja lake, pandisha karatasi zote. Kwa kawaida kampuni inajibu ndani ya siku 15. Kama Kiingereza kinakupiga chenga wana simu yenye wakalimani wa lugha zaidi ya 180. Mwanasheria mkuu wa jimbo lako naye ana ofisi ya wateja, na kwa ambulensi ya mji au kaunti usimdharau diwani wako, ofisi ya bili ya mji inasikia simu ya diwani haraka kuliko barua yako.

Ikishindikana hapo tafuta wakili wa haki za wateja. Ukishinda kwa sheria hizi mbili (ile ya kolekta na ile ya ripoti za krediti), ada ya wakili inalipwa na aliyeshindwa, ndo maana wengi wao hawaombi hela ya kuanza. Kama kipato ni kidogo kuna ofisi za msaada wa sheria za bure karibu kila jimbo.

Na tafadhali, ikija karatasi ya mahakama, hiyo sio barua ya kuweka juu ya friji. Ijibu ndani ya tarehe iliyoandikwa hata kama deni ni la uongo, maana usipojibu wanapewa hukumu bure na wanaweza kukata mshahara.

Kama deni limetokea kuwa lako kweli

Basi ongea na mwenye ambulensi kwanza kabla ya kolekta, muulize kama anaweza kulirudisha kwake. Zimamoto na kaunti nyingi zina fomu ya msamaha kwa kipato kidogo ila hawaitangazi, mpaka uulize. Ikiwa ambulensi ni ya hospitali isiyo ya faida, ulizia mpango wao wa msaada wa kifedha, una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Kwa kupatana bei, uliza Medicare (bima ya serikali ya wazee) ingelipa ngapi kwa kodi hiyohiyo na maili hizohizo, anzia hapo, kwa kawaida iko chini sana ya bili waliyokuandikia. Mkikubaliana, maandishi kwanza, hela baadaye, na yaseme kiasi hicho kinamaliza deni lote. Usiwape ruhusa ya kuchukua wenyewe kwenye akaunti ya benki. Ukishamaliza kulipa deni lote linatakiwa litoke kwenye ripoti lenyewe, likibaki rudi hatua ya 6 na risiti.

Kama uko katikati ya kununua nyumba na benki inasubiri, muulize afisa mkopo kuhusu "rapidi riskoa", yeye ndo anaiomba sio wewe, ukishakuwa na barua ya kufutwa inasasisha skoa ndani ya siku chache badala ya kusubiri mwezi.

Deni likishafutwa vuta ripoti tena baada ya miezi miwili mitatu. Wakilirudisha wanatakiwa wakujulishe kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi, na ukilikuta limerudi kwa jina la kolekta mwingine, ina maana limeuzwa, tuma mzigo uleule wa karatasi na ile barua ya kufutwa ikiwa juu. Deni linaweza kukaa kwenye ripoti miaka saba tangu lilipoanza kuchelewa, kwa hiyo bahasha ya karatasi zako zote nayo usiitupe kabla ya hapo.